Wauza kompyuta, nendeni Toi mkafundishwe biashara

Wasomaji wangu, nilikuwa nimewaahidi kwamba leo nitaandika juu ya hifadhidata na namna ya kuipanga isilemee programu yako. Hifadhidata itangoja. Nimekasirika, na mtu mwenye hasira hawezi kupanga hata sahani kabatini, sembuse hifadhidata.

Jumamosi nilikwenda Soko la Toi kutafuta koti. Kwa wasiolijua, Toi ni soko la mitumba lililo ubavuni mwa Kibera, ukiteremka kutoka Barabara ya Ngong pale karibu na Adams Arcade. Wanunuzi hutoka Kibera, hutoka Kawangware, na wengine hutoka Kilimani na magari makubwa wakijifanya wamepotea njia. Soko hili limeungua zaidi ya mara moja: liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likaungua tena Machi 2019, na tena Juni 2024. Kila mara wenye vibanda hurudi, hupiga misumari, hutandika turubai na kuanza upya. Nawaambia haya ili mjue ni watu wa aina gani ninaowazungumzia. Pesa yao haitoki mbinguni.

Kuna mama mmoja pale ambaye nimenunua nguo kwake tangu nikiwa chuo. Anauza magauni ya watoto. Nilipomsalimu hakuniuliza kuhusu koti.

"Mwanangu, si wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye mimi, mama. Kuna nini?"

"Hebu niangalizie hii ya dada yako. Imeanza kulala kabla hata haijafanya kazi."

Dada yangu huyo ni binti yake, ameingia chuo cha ualimu mwaka huu. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya chama, akaongezea akiba, akaenda mjini kumnunulia laptopu. Aliitoa chini ya meza ikiwa imefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Niliiwasha. Nikahesabu. Dakika nne na ushee ndipo ikaonyesha uso wake!

Alikuwa amehifadhi risiti. Laptopu shilingi 38,000. "Kuwekewa Windows" 2,500. Antivairasi 1,500. Mkoba 1,000. Jumla 43,000. Kwenye kifuniko kulikuwa na kibandiko kipya kinachong'aa: Core i5, RAM 8, diski 500. Na muuzaji alimwambia maneno haya, mama aliyakumbuka yote: "Mama, hii ni ai-faivu, ndiyo wanafunzi wote wa chuo wanatumia, ni mashine mpya kutoka Uingereza."

Nikaifungua ndani nikatazama jina kamili la prosesa. i5-3320M. Wanaojua wameshashika kichwa. Kwa wasiojua, hiyo ni prosesa ya Intel iliyotoka mwaka 2012. Diski yake ni ile ya zamani inayozunguka. Betri ilikaa dakika ishirini na tano. Na ile "Windows" aliyolipia ilikuwa Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hiyo haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, kwa sababu kwa upande wa Intel orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane, na hii ni ya kizazi cha tatu.

Jumatatu nikapitia maduka matatu ya kompyuta kuukuu nikauliza bei ya mashine ileile, prosesa ileile. Nikaambiwa kati ya 12,000 na 15,000, na wawili kati ya hao watatu waliniambia wenyewe: "Kaka, usinunue hiyo, ongeza kidogo uchukue ya kizazi cha nane." Basi tufanye hesabu. Tuseme mashine 15,000 na mkoba 1,000, jumla 16,000. Yule mama alilipa 43,000. Ziada ni 27,000. Aliniambia kwamba kwenye gauni moja la mtoto faida yake ni kama shilingi 50. Gawanya. Ni magauni 540! Mama huyu atasimama juani, ataamka alfajiri kuchagua marobota, atauza magauni 540, ili tu kulipia uongo aliouziwa kwa dakika kumi na tano.

Sitalitaja duka hilo. Si kwa kuliogopa. Ni kwa sababu nikilitaja mtadhani ni duka moja bovu, nanyi mtakwenda la pili yake mkapigwa vilevile. Ninachokisema hapa ni tabia.

Core i5 ni jina la ukoo

Nieleze kwa mfano wa magari maana Wakenya wote ni wataalamu wa magari. Mtu akikuambia "nakuuzia Corolla", utatoa pesa? Utamuuliza ni ya mwaka gani. Corolla ya 1992 ni Corolla, na ya 2015 ni Corolla, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezilipia bei moja. Core i5 ni hivyohivyo. Zilianza kutoka mwaka 2009 na zimeendelea kutoka kwa miaka mingi. Kinachokuambia umri ni nambari inayofuata kistari. 3320M huanza na 3, ni kizazi cha tatu. 8250U huanza na 8, ni kizazi cha nane, iliyotoka 2017, nayo ina viini vinne badala ya viwili. Ikianza na 10, 11 au 12 ni changa zaidi.

Muuzaji anajua haya. Anayajua kama anavyojua jina la mamake! Ndiyo maana kibandiko chake kinaishia kwenye "i5". Hiyo nambari ya pili hakuisahau. Ameificha, kwa sababu ndiyo bei.

Orodha fupi ya uongo

Haya ndiyo ninayokutana nayo kila mara ndugu, jirani au rafiki anaponiletea kitu "nikiangalie".

Kwanza, flashi za "TB 2" kwa shilingi 1,500. Ndani yake mara nyingi kuna kijipande cha GB chache tu, ila kidhibiti chake kimepangwa kuidanganya kompyuta kwamba nafasi ni kubwa. Unaweka picha za harusi, zinaonekana zimeingia. Nafasi halisi inapojaa, flashi inaandika juu ya zilizotangulia au inatupa tu zinazokuja, na haikuambii kitu. Siku ya kufungua picha unakuta majina ya faili bila faili. Programu za kupima zipo na ni za bure, kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. Ni duka gani limewahi kukupimia?

Pili, pawabenki za "50,000". Hapa huhitaji kompyuta, unahitaji mizani ya mama wa omena. Seli ya duara ya aina ya 18650, ile yenye unene wa kidole gumba, ina uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo nzuri kabisa hubeba takriban mAh 3,500. Ili ufikishe 50,000 unahitaji seli kumi na tano. Hizo ni gramu 675 kabla ya kasha, na seli bapa nazo hazina muujiza wowote wa kupita hapo. Sasa shika pawabenki yako. Ikiwa ni nyepesi kama kipande cha sabuni ya kufulia, hiyo 50,000 ni wino tu.

Tatu, "antena ya dijitali". Mwaka 2015 Kenya ilipozima matangazo ya analogi, watu wengi walitupa antena nzima kabisa wakauziwa nyingine zenye neno "dijitali" kwenye boksi, kwa bei mara mbili. Mpaka leo zinauzwa hivyo. Antena ni chuma kinachopokea mawimbi. Ikiwa ni ya UHF na imeelekezwa vizuri, haijui wala haijali kama wimbi limebeba analogi au dijitali. Anayejua tofauti ni dekoda, au televisheni yenyewe ikiwa ina kipokezi cha DVB-T2 ndani. Na televisheni yenye kipokezi hicho haihitaji dekoda kutazama stesheni za bure, jambo ambalo muuzaji wa dekoda "hukumbuka" ukishalipa.

Nne, kebo ya HDMI "iliyopakwa dhahabu ili rangi ziwe kali". Kebo hubeba tarakimu. Kwa urefu wa mita moja au mbili, kebo ya kawaida yenye kiwango kinachotakiwa na televisheni yako hutoa picha ileile. Ikishindwa utaona picha inakatika au ina chembe zinazometameta. Hakuna kebo inayofanya nyekundu kuwa nyekundu zaidi. Dhahabu ivae shingoni.

Tano, simu ya "RAM 16". Soma boksi vizuri, utakuta 8+8. Hiyo nane ya pili ni sehemu ya hifadhi ya kawaida iliyokopwa ili isaidie, nayo ina mwendo wa polepole zaidi. Ni kama mtu kukuuzia nyumba ya vyumba vinne akihesabu na veranda mbili.

Sita, lipa polepole. Hapa nataka mtoe kalamu. Chukua mfano wa simu inayouzwa 13,000 taslimu. Unaambiwa: "Weka 3,000 tu, halafu shilingi 60 kwa siku kwa mwaka mmoja, hata chai ni ghali zaidi!" Zidisha 60 kwa 365, ni 21,900. Ongeza 3,000, ni 24,900. Umelipa karibu simu mbili ukabeba moja. Na ndani ya simu kuna programu inayoweza kuifunga ukichelewa kulipa. Sisemi mkopo ni dhambi. Mtu wa boda asiye na 13,000 leo anaihitaji simu leo. Nasema hiyo 24,900 iandikwe kubwa kama hiyo 60 ilivyoandikwa.

"Lakini hata Toi wanapandisha bei!"

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja jambo hili alicheka. "Huyo mama wako naye anakuanzia gauni kwa 500 na mwisho anauza 250. Tofauti iko wapi?"

Swali zuri, na nimelifikiria siku tatu. Tofauti ni hii. Toi gauni liko mkononi mwako. Unalivuta mshono, unalinusa, unalitazama kwenye mwanga kama lina tundu, unageuza kola. Kila kitu anachokijua muuzaji kuhusu gauni hilo, nawe unaweza kukijua kwa dakika moja. Kisha mnabishana bei, na ukikataa kuna kibanda kingine hatua tano mbele. Huo ni mchezo wa watu wawili wanaoziona karata zote. Muuzaji wa laptopu anacheza karata akiwa amekufumba macho, halafu anakupongeza kwa kucheza vizuri.

Na zaidi. Mama wa Toi ukimrudishia gauni lililochanika kabla hujafika nyumbani, atalibadilisha. Atanung'unika, lakini atalibadilisha, kwa sababu kesho utapita hapo tena na majirani zake wamesikia. Duka la mjini lina kioo, lina mlinzi, lina maandishi kwenye risiti: "Bidhaa ikiuzwa hairudishwi." Halijali kama utarudi. Kuna wageni wengine wanaoshuka matatu kila asubuhi.

Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya namna hiyo. Hoja yake ni rahisi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, anatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai, anaondoka. Yanabaki mabovu. Soko linaoza.

Ndicho kinachotokea kwetu. Yupo kijana Kawangware anayeuza kompyuta kuukuu kwa ukweli: anakuambia kizazi, anakuonyesha betri, anakupa wiki mbili za kujaribu. Mashine yake ya kizazi cha nane anaiuza 24,000. Mteja anamwambia: "Mjini nimeona ai-faivu mpya kutoka Uingereza, na duka lina kiyoyozi." Kijana anakosa mauzo. Kwa hiyo msiniambie napiga vita biashara. Anayepiga vita biashara ni yule anayemfanya mkweli aonekane mjinga.

Majibu kwa wanaojitetea

Wa kwanza husema: "Wajinga ndio waliwao." Hii methali imetumiwa vibaya mpaka imechakaa. Wewe muuzaji unajua prosesa, sawa. Unajua giaboksi ya gari lako? Unajua daktari wa meno anapokuambia jino la pili nalo ling'olewe kama anasema kweli? Unajua saruji iliyomo kwenye nguzo za nyumba unayojenga huko mashambani? Kila mmoja wetu ni mjinga mbele ya kaunta ya mwenziwe. Tukikubaliana kwamba mjinga aliwe, basi sote ni chakula, tunapishana saa tu.

Wa pili husema: "Kodi ya duka ni ghali, ushuru ni mkali." Kweli. VAT ni asilimia 16, kodi za mjini zinajulikana, na mfanyakazi lazima alipwe. Weka faida yako! Uza ya 15,000 kwa 20,000 nami sitafungua mdomo. Lakini hakuna kodi duniani inayoibadilisha mashine ya 2012 kuwa mpya. Bei kubwa ni jambo moja, na uongo ni jambo lingine. Mnavichanganya makusudi ili tukibishana juu ya bei tusahau uongo.

Wa tatu husema: "Si angeuliza?" Aliuliza. Aliuliza "hii ni nzuri?" Hilo ndilo swali analoliuliza mtu asiyejua, na jibu lake linastahili ukweli kuliko swali la mtaalamu, kwa sababu mtaalamu ana njia ya kuhakiki na yeye hana.

Sasa nijipige kifua mimi mwenyewe

Ningependa kuishia hapo nikiwa msafi. Siwezi.

Miaka yangu ya kwanza ya kazi, duka moja mjini lilikuwa linanipa shilingi 500 kwa kila mteja niliyempeleka. Shangazi akitaka kompyuta, nampeleka. Mwalimu wangu wa zamani, nampeleka. Niliita "ada ya ushauri". Sikuwahi kuwaambia. Na kwa kuwa nilikuwa nao, hawakuuliza wala kubishana bei: "Kijana wetu anajua." Imani yao kwangu niliiuza 500, na duka likaiuza tena kwa maelfu. Sikuwahi kujua ni maelfu mangapi, kwa sababu sikutaka kuuliza.

Nimeacha muda mrefu, lakini najua wenzangu hawajaacha. Tunajisifu sana sisi watu wa programu. Mwaka 2010 iHub ilipofunguliwa kwenye jengo la Bishop Magua, Barabara ileile ya Ngong inayopita karibu na Toi, dunia ilianza kuandika kuhusu Nairobi ya teknolojia, na sisi tukavimba. Sawa, M-Pesa ya 2007 ilitupa sababu ya kuvimba. Lakini tumejenga programu za kila kitu, na mama aliye mwendo mfupi kutoka hapo bado hajui swali moja la kumuuliza muuza laptopu. Tukiongea naye tunamwagia "kizazi", "viini" na "masafa" mpaka anaona aibu, na mtu aliyeona aibu haulizi tena. Muuzaji mwongo huvuna shamba ambalo sisi tumelilima.

Sheria ipo, wengi hawaijui

Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi alichokinunua, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Habari anazohitaji! Yaani nambari ya prosesa.

Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Inakataza kudai kwamba bidhaa ni mpya, au ni ya kiwango fulani, wakati sivyo. Inakwenda mbali zaidi: inasema katika kupima kama muuzaji alitenda isivyo haki, huweza kuangaliwa kama bei imepita kupindukia bei ya vitu kama hivyo mahali pengine, na kama muuzaji alijua mteja hawezi kujilinda kwa sababu ya kutojua, kutosoma au kutoelewa lugha. Someni tena. "Wajinga ndio waliwao" si utetezi mbele ya sheria hii. Ndiyo mashtaka yenyewe! Na haki hizo haziondolewi kwa maandishi ya chini ya risiti, maana sheria inasema zinabaki hata kama mkataba unasema vingine.

Na kwa kiasi kidogo, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 chini ya sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku sitini, na si lazima uwe na wakili.

Kata kipande hiki ukibebe dukani

Usilipe kabla hawajaiwasha mbele yako. Asiyetaka kuiwasha ameshakujibu.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji. Hapo utaona jina kamili la prosesa, RAM halisi, na kama diski ni SSD au HDD. Kibandiko kinaweza kudanganya, hapo ni vigumu zaidi.

Chomoa chaja, ikae dakika kumi na tano. Betri ikishuka kwa kasi, bei nayo ishuke. Ukitaka ushahidi kamili fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa.

Kwa simu piga *#06#, ulinganishe IMEI inayotokea na iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha mkono mfukoni.

Usilipie antivairasi kwa kulazimishwa. Windows 10 na 11 huja na kinga yake ndani, BURE.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: dai risiti yenye modeli kamili, nambari ya prosesa, na neno "imetumika" au "mpya". Muuzaji mkweli ataandika bila kusita. Mwongo ataanza kutafuta kalamu.

Na yule mama?

Jumanne tulikwenda naye mjini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikaanza na vizazi vya Intel, na msimamizi akaninyamazisha kwa sentensi mbili za Kiingereza. Ndipo mama akasogea kaunta.

"Mimi pia ni muuzaji," akasema polepole. "Nguo ikiwa na tundu, namwonyesha mteja tundu. Tunabishana, lakini tundu ameliona. Wewe tundu uliliona, ukalifunika na kibandiko. Niambie tu kama uliliona."

Duka zima lilinyamaza. Msimamizi akatazama chini. Mwishowe wakarudisha 4,000 za Windows na antivairasi, na wakasema laptopu haiwezi kurudi, "ndiyo sera." Tumewaandikia barua ya kudai iliyobaki, wameipokea na kugonga muhuri. Wasipojibu, tunakwenda Milimani. Mama amesema atafunga kibanda siku hiyo, na majirani zake wawili wa soko wamesema watafunga vyao waende naye.

Mimi nami nimemwahidi kwamba kila Jumamosi asubuhi nitakuwa kando ya meza yake. Anayetaka kununua kompyuta, simu au flashi aje kabla hajanunua. Sitoi risiti, sipokei 500, na lugha ni Kiswahili tu. Wenzangu wa programu mnaokaa Kawangware, Kibera, Ngong, Kilimani: njooni, viti vipo. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Wauzaji, mmesikia.

Koti sikununua. Hifadhidata ni wiki ijayo, Mungu akipenda.